Hukumu ya Supu

Jumanne, 4 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo asubuhi, kidogo tu, ya kulowesha vumbi na kuwakimbiza walioanika nguo. Nimeona nianze kuandika siku ambayo hata anga limeanza kitu. Daktari ameniambia, kwa upole na kwa maneno mengi kuliko yaliyohitajika, nisipange mambo ya kupita msimu huu wa mvua. Binti yangu hakusikia, alikuwa kwenye foleni ya dawa. Aliporudi na mfuko wake nikamwambia nimepewa dawa mpya, kali, itanisaidia. Akafurahi, nami nikamwacha afurahi.

Kwa yeyote atakayesoma: nilikuwa hakimu. Sasa ni mwanamke mzee mwenye uvimbe tumboni, kiti kimoja kizuri na dirisha moja. Dirisha ndilo mali. Linatazama kichochoro, na ng'ambo ya kichochoro, chini kidogo, lipo dirisha la chakula la Mchina. Pale hakuna kiti wala meza. Unaagiza, unasimama chini ya bati, unapewa mfuko wako, unakwenda zako. Mimi ngazi zimenishinda, kwa hiyo nina kikapu na kamba. Nakishusha, mke wa mpishi anavuka kichochoro na kutia supu ya kuku na mahindi, napandisha. Sijawahi kumwaga hata tone, isipokuwa siku moja juu ya kipara cha mtu wa bima, na huyo alistahili.

Jumapili, 9 Machi

Mke wa mpishi hajui jina la mtu yeyote mtaani, wala hana haja nalo. Anatuita kwa tunachokula. Tangu saa za mchana namsikia: "Bila Vitunguu, mfuko wako tayari. Pilipili Mbili, subiri kidogo."

Pilipili Mbili ni kinyozi, ambaye saluni yake imepakana na duka hilo na mdomo wake umepakana na kila kitu. Huagiza wali wa kukaanga wenye pilipili maradufu, kisha hula huku machozi yanamtoka, akimwambia kila apitaye kwamba hahisi chochote. Mama Mapazia, mshonaji wa mapazia wa nyumba ya pili, ni Tambi Uma Mbili. Hununua tambi za mtu mmoja na kuomba uma mbili, wake na wa mgeni. Mgeni hatujapata kumwona. Mimi ni Supu ya Juu.

Mpishi mwenyewe huonekana mgongo tu, na mkono unaorusha vyakula ndani ya karai. Amekaa hapa muda mrefu mno hata Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha kinyozi, ila hukitumia kwa uchache, kama mtu anayeweka akiba.

Jumatano, 12 Machi

Nimeanza dawa mpya. Mvua. Kichefuchefu kidogo, mengine hakuna.

Jumamosi, 15 Machi

Leo nimewachekesha watu, na kwa umri wangu hilo ni jambo la kuandikwa.

Saa ya chakula cha mchana palikuwa na foleni ndefu chini ya bati, mvua ikipiga juu kama wapiga ngoma wasiosikilizana. Nikapandisha supu yangu, nikaonja. Ilikuwa kama maji yaliyooshewa sufuria ya supu. Kinyozi akaniona na kijiko hewani.

"Bibi Hakimu," akaniita kutoka chini, "supu leo inasemaje?"

Huniuliza hivyo kila siku, na kila siku humjibu kwamba supu haina kesi. Leo nikasema: "Supu imefariki. Mpishi amechoka, tumpe rambirambi."

Foleni nzima ilicheka. Mama Mapazia alilazimika kushika nguzo. Hata mke wa mpishi alitabasamu, tabasamu la biashara. Mgongo wa mpishi haukucheka, lakini mkono wake ulisimama kidogo juu ya karai, kisha ukaendelea.

Alhamisi, 20 Machi

Kinyozi amekuja kunipunguza nywele chumbani, maana siwezi kushuka. Amekuja na ripoti.

"Bibi, ulivyosema Jumamosi ni kweli kabisa. Mimi nilikuwa nimeona tangu wiki iliyopita, ila nilinyamaza."

"Wewe ulinyamaza?"

"Kwa heshima. Ule wali sasa ni wali jina. Hata pilipili haina ari. Na Mama Mapazia anasema tambi zimelegea, zinateleza kwenye uma kama kamba za viatu."

"Uma gani, wake au wa mgeni?"

"Zote mbili, Bibi."

Nitasema ukweli, maana ndiyo kazi ya kurasa hizi: nilifurahi. Tangu nistaafu hakuna aliyeniuliza lolote zaidi ya kama nimemeza dawa. Sasa nimesema neno moja dirishani na mtaa mzima umelipokea. Nilikaa wima kwenye kiti mpaka mgongo ukaniuma.

Jumamosi, 22 Machi

Supu tena kama maji. Nimesema hivyo tena, kwa sauti.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua haikatiki. Chini ya bati pamekuwa baraza la uchunguzi. Leo nimesikia, bila kutoka kwenye kiti, kwamba mpishi amebadilisha mafuta. Kwamba hajabadilisha mafuta, na hilo ndilo tatizo. Kwamba amegombana na mkewe na anapika kwa hasira. Kwamba wamepatana na anapika kwa uvivu. Kwamba yule tuliyemzoea ameondoka na huyu ni mdogo wake anayefanana naye mgongo.

"Migongo ya watu wawili haifanani," alisema Mama Mapazia. "Mimi kazi yangu ni kupima. Ni yeye yule."

"Basi ni roho imebadilika," kinyozi akasema.

Binti yangu amerudi kutoka kazini, amelowa, akanipikia uji wa ndizi. Nilikula vijiko vichache, nikamwambia hauna kitu. Aliondoa bakuli akaenda kuliosha. Siku hizi naye anapika ovyo. Nadhani ni kazi za ofisini zinazomchosha.

Jumapili, 30 Machi

Foleni imekuwa fupi. Mfuko mmoja mmoja. Bati linapiga kelele bila wasikilizaji.

Jumatano, 2 Aprili

Leo naandika kirefu.

Muuguzi huja kila Jumatano kunidunga sindano. Ni mwanamke mnene, mcheshi, ana viatu vya mpira vinavyolia sakafuni kama bata. Binti yangu alikuwa nyumbani kwa sababu ya mafua, akatuletea chai. Nikanywa.

"Mwanangu," nikasema, "sukari imeisha?"

"Nimekutilia vijiko vitatu, Mama."

"Labda hukukoroga."

Akakoroga mbele yangu, polepole, akiniangalia. Nikanywa tena. "Bado," nikasema. Akachukua kikombe akarudi jikoni, na nilisikia mlango wa kabati ukifungwa kwa nguvu kuliko unavyohitaji mlango wa kabati.

Muuguzi alikuwa ameacha kufungua vifaa vyake. "Bibi," akasema kwa sauti ya chini, "tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

Alienda jikoni, akarudi na nusu ya limau na chumvi kwenye kifuniko cha chupa. "Lamba hii." Nikalamba. "Na hii." Nikalamba. Akanitazama usoni kama mtu anayesoma saa.

"Mtu akilamba limau hukunja uso, Bibi."

"Mimi sikukunja?"

"Hata nyusi hazikutikisika."

Akakaa ukingoni mwa kitanda. Akaniambia ni dawa. Huua ulimi. Wagonjwa wake wengi humwambia chakula kimekuwa karatasi, na kila mmoja huanza kwa kumlaumu mpishi.

Niliona mbele yangu foleni ikicheka, Mama Mapazia ameshika nguzo, na ule mkono uliosimama juu ya karai.

"Ulimi utarudi?" nikauliza.

Muuguzi alianza kupanga sindano zake, akazipanga vizuri sana. "Kwa wanaoacha dawa, hurudi."

Tulielewana kwamba mimi si wa kuiacha. Akauliza kama binti yangu anajua dawa hii hupewa nani na hupewa lini. Nikasema hajui, na nikamwomba asimwambie. Alikubali, lakini aliondoka na viatu vyake vikilia polepole.

Jumamosi, 5 Aprili

Mahakamani nilikuwa na sheria moja ambayo hata mawakili wavivu waliijua: simtii mtu hatiani kabla hajasema. Wezi wa kuku waliongea mbele yangu mpaka kuku wenyewe wangechoka. Sasa nimemhukumu mtu kutoka dirishani, kwa mzaha, mbele ya umma, na shahidi pekee alikuwa ulimi mgonjwa. Yeye hakuulizwa hata swali moja.

Nitalirekebisha. Kesho, mvua ikipungua.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua haikupungua, na nilishukuru. Leo nimejaribu njia ya mkato.

Nilipandisha supu, nikanywa kijiko, nikasema kwa sauti yangu ya mahakamani: "Jamani, supu leo imefufuka. Ni tamu kama zamani."

Waliokuwa chini ya bati walikuwa wanne tu. Walinitazama kwa upendo.

"Bibi ana huruma," akasema kinyozi.

"Sina huruma. Nasema supu ni nzuri."

"Tunajua, Bibi. Umeona watu wamepungua, ukasikitika. Moyo wako ni mkubwa." Akawageukia wenzake. "Lakini mimi nimeinywa jana. Ina tangawizi kama dawa ya kikohozi."

"Na chumvi," akasema Mama Mapazia. "Usiku wote nilikuwa nakunywa maji."

Nikavuta kamba yangu ndani na kufunga dirisha. Hukumu kumbe hutoka kwa neno moja, lakini kuifuta huhitaji zaidi ya neno moja. Tena nilikuwa nimejaribu kumkwepa mtu mmoja: huyo mwenye mgongo.

Ijumaa, 11 Aprili

Tangawizi imenisumbua. Kinyozi husema mengi, lakini hana ubunifu wa kutunga tangawizi. Leo jioni nikampa binti yangu kijiko.

"Onja hii, uniambie kweli."

Akaonja. Uso wake ulikunjika vizuri sana, kila kitu mahali pake. "Mama, hii unainywaje? Ni chumvi na tangawizi, na kitu kingine kichungu."

"Kweli ni mbaya?"

"Ni mbaya mno."

Nilishusha kikapu kitupu na kumwita mke wa mpishi. Alivuka kichochoro na mwavuli, akatazama juu.

"Supu ya Juu, unataka nyingine?"

"Nataka kuuliza. Supu imebadilika?"

Alicheka, kicheko kisicho na furaha. "Kila siku inabadilika. Ninyi mlisema haina ladha, akaongeza chumvi. Pilipili Mbili akasema haina nguvu, akaongeza tangawizi. Tambi Uma Mbili akasema tambi laini, sasa zinatoka ngumu. Mtu akasema mafuta, akabadilisha mafuta. Anaonja, anamwaga, anaonja, anamwaga." Mwavuli ulishuka kidogo, sikumwona uso. "Anasema mkono wake umekufa. Mwisho wa mwezi tunafunga. Anataka kwenda kukaa kwa mtoto wetu."

"Kupika ataacha?"

"Mkono uliokufa upike nini?"

Nilikaa na kamba mkononi mpaka binti yangu akaja kufunga dirisha. Kwa hiyo ndivyo ilivyo. Supu ilikuwa nzuri. Nilisema ni mbaya, mtaa ukarudia, na mtu mwema akahangaika kuitengeneza mpaka ikawa mbaya kweli. Uongo wangu umejipatia ushahidi.

Jumapili, 13 Aprili

Lazima nishuke. Kupiga kelele dirishani hakutoshi. Lakini nikishuka na kusema ulimi wangu umekufa, binti yangu atasikia kabla sijamaliza sentensi, na atauliza ni dawa gani. Kwanza ni yeye.

Jumatano, 16 Aprili

Alikuwa anakunja nguo zilizokataa kukauka, amezitandaza kwenye viti vyote. Nikamwambia akae. Akasema anakunja huku anasikiliza.

Nikamwambia yote. Alichosema daktari alipokuwa kwenye foleni. Dawa ni ya nini. Haiponyi, inanisogeza mbele kidogo tu. Na ulimi.

Alikunja shati langu, akalikunjua, akalikunja tena. Nje mvua ilikuwa imetulia na maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye mabati moja moja, kama watu wanaoondoka mkutanoni.

"Kwa hiyo," akasema mwishowe, bila kuinua macho, "chai yangu ilikuwa na sukari."

"Ilikuwa nayo."

"Na ule uji wa ndizi?"

"Naamini ulikuwa mzuri sana."

"Nilinunua ndizi mara tatu, Mama. Nilimpigia simu shangazi kumuuliza nakosea wapi. Nilidhani nimesahau kupika." Akaanza kucheka, na kicheko kikamgeukia katikati, akaja akaweka kichwa mapajani mwangu pamoja na nguo zote. Tulikaa hivyo. Nilimsugua mgongo kama alipokuwa mdogo na mafua.

Baadaye akapenga kamasi na kuuliza, "Nani mwingine umemhukumu?"

Nikamwonyesha dirisha.

Jumamosi, 19 Aprili

Nimeshuka ngazi leo. Kwa usahihi, nimeshushwa.

Binti yangu alikwenda kumwita kinyozi, naye akaja na kiti cha saluni, kile kinachozunguka, akidai ndicho chenye heshima inayonifaa. Walinibeba wawili, yeye mbele na binti yangu nyuma, na kila ngazi kiti kilizunguka, hivyo nusu ya safari nilishuka nikitazama ukuta. Mama Mapazia alitembea pembeni akinifunika mwavuli, ingawa tulikuwa ndani ya nyumba.

"Bibi, ungetaka supu ungesema tu," kinyozi alilalamika akihema. "Tungekuletea kutoka mahali pengine penye supu ya maana."

"Beba, kijana."

Wakaniweka chini ya bati, mbele ya dirisha. Palikuwa na wateja wachache wa Jumamosi na harufu ambayo sikuisikia. Nikamwambia mke wa mpishi amwite mumewe. Akasema ana kazi. Nikasema nitasubiri. Mgongo ulikaa mgongo kwa muda, kisha ukageuka, na kwa mara ya kwanza nikamwona uso karibu. Ni mtu wa makamo aliyechoka, ana kovu la mafuta kidevuni.

Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri. Yote yalikimbia. Nikasema: "Supu yako haikuwa na kosa lolote. Ninakunywa dawa inayoua ulimi. Sisikii chumvi, sisikii sukari, sisikii limau. Siku ile nilisema supu imefariki, kilichokuwa kimefariki ni ulimi wangu. Mkono wako ni mzima."

Kinyozi aliguna. "Lakini Bibi, mimi nilionja mwenyewe."

"Ulionja maneno yangu, kijana."

"Na tambi?" akauliza Mama Mapazia.

"Na wewe pia."

Mama Mapazia akaanza kurekebisha mwavuli ambao haukuharibika.

Mpishi alifuta mikono kwa kitambaa kidole kwa kidole. Kisha akasema, taratibu, maneno mengi kuliko niliyowahi kumsikia: "Mwezi mzima naonja. Naona iko sawa. Watu wanasema haiko sawa. Nikasema, watu wote hawawezi kukosea, basi nimekosea mimi. Nikaacha kuuamini mdomo wangu. Unajua mpishi akiacha kuuamini mdomo wake?"

"Sasa najua."

"Hukuniuliza."

"Sikukuuliza," nikasema. "Hilo ndilo kosa, kuliko hata supu. Nilikuwa hakimu, na sikukuuliza."

Akanitazama. "Chumvi huisikii kabisa?"

"Kabisa."

"Moto?"

"Moto nausikia."

Akageuka akarudi kwenye jiko. Mkewe akaninong'oneza, "Amekasirika." Nikasema ana haki. Tukasikia karai likigonga chuma, maji yakichemka, kisu kikitembea mbio juu ya ubao. Hakuna aliyeondoka, hata wale ambao mifuko yao ilikuwa tayari. Akatoka na bakuli moja. Nilinyoosha mkono. Akanipita, akampa kinyozi.

Kinyozi akanywa. Nimemjua mtu huyo tangu akiwa na nywele zake mwenyewe na sijawahi kumwona amenyamaza hivyo. Akanywa tena.

"Ndiyo hii," akasema. "Jamani, ndiyo hii yenyewe."

Mama Mapazia akamnyang'anya bakuli. Likapita mkono kwa mkono mpaka likaisha, na mpishi akalipokea tupu, akalitazama ndani kama mtu anayesoma matokeo ya mtihani.

"Na mimi?" nikauliza.

"Wewe," akasema, "utasubiri."

Alhamisi, 24 Aprili

Foleni imerudi. Imefika hadi mlangoni kwa Mama Mapazia. Kinyozi anamweleza kila mteja kwamba yeye ndiye aliyegundua kuwa supu haikuwa na tatizo.

Nimeshusha kikapu mara mbili wiki hii. Mara zote mbili kimerudi na kifuniko tu, bila bakuli. Mke wa mpishi anainua mabega. Binti yangu anacheka mpaka anakaa chini. Anasema hajawahi kuona kifungo cha namna hii. Nami nakitumikia bila kukata rufaa.

Jumapili, 27 Aprili

Kikapu kimerudi kizito.

Ndani kulikuwa na bakuli la mchuzi uliochemka hasa, na juu yake tambi nyembamba zilizokaangwa mpaka zikakauka, na pembeni vipande vya tango baridi, vimekatwa vinene. Nilipoweka kijiko mdomoni tambi zilivunjika masikioni mwangu kama mtu anayekanyaga majani makavu. Kisha moto ukashuka kifuani. Kisha baridi ya tango. Halafu kitu laini, yai nadhani, kikateleza chenyewe. Nilikula nikasahau kwamba sisikii ladha. Nilimaliza bakuli, mara ya kwanza tangu Machi.

Nilipotazama nje, mpishi alikuwa amesimama katikati ya kichochoro kwenye manyunyu, mikono nyuma.

"Inasemaje?" akauliza.

"Inapiga kelele," nikasema. "Inaunguza, inapoza, inateleza."

Akaitikia kwa kichwa na kurudi kwenye karai lake.

Jumamosi, 3 Mei

Kila siku anatuma kitu kipya cha kelele, na kila siku anakuja kuuliza. Jana mbegu ndogo zilizokaangwa zilipasuka chini ya meno yaliyobaki. Mke wa mpishi amenibadilisha jina, sasa naitwa Kelele za Juu. Dirisha lao halifungwi mwisho wa mwezi wala mwezi mwingine, amesema, na ile safari ya kwa mtoto itakuwa ya kutembea.

Chai ya binti yangu nainywa yote. Namwambia ni tamu, ananiambia mwongo, tunaendelea.

Ijumaa, 9 Mei

Mwandiko umelegea, atakayesoma anisamehe. Mvua imebaki ya asubuhi tu. Jana nilishindwa kuvuta kikapu. Kilifika nusu ya njia kikaning'inia, na kinyozi akapiga kelele kwamba supu imekwama mahakama ya rufaa.

Leo sikukishusha. Mchana mlango ukagongwa, binti yangu akafungua, na mpishi akaingia. Hajapata kupanda huku. Alivua viatu, akavipanga sawasawa kando ya mlango, akatembea na bakuli kwa mikono miwili. Ilikuwa ile supu ya zamani, ya kuku na mahindi. Hakukuwa na kelele ndani yake.

"Hii siisikii," nikamwambia.

"Najua. Leo nimetaka tu uione."

Akaketi kwenye kiti alichosogezewa na binti yangu. Supu ilikuwa ikitoa mvuke kati yetu. Nikafikiri jinsi nilivyoanza jambo hili, nikasema: "Basi onja wewe, uniambie. Nakusikiliza."

Alidhani natania. Alipoona sitanii akachukua kijiko, akanywa, akafumba macho.

"Chumvi kidogo," akasema, "inakuja mwanzo halafu inaondoka. Mahindi ni matamu, leo ni machanga. Kuku amechemka tangu asubuhi, kwa hiyo yuko nyuma ya kila kitu, humwoni lakini yupo. Tangawizi..." Akanywa tena. "Tangawizi nimetia kama mtu anayepita tu mlangoni."

Binti yangu alikuwa ameegemea ukuta. Nilinywa kijiko nacho kilikuwa moto mtupu, lakini safari hii nilijua kuku yuko wapi.

"Unaamini mdomo wako?" nikamuuliza.

"Naamini," akasema.

"Basi nimemaliza."

Chini kinyozi alikuwa amesikia sauti zetu. "Bibi Hakimu," akaita, "supu leo inasemaje?"

Sauti yangu haifiki tena kichochoroni. Nikamwonyesha mpishi dirisha. Alisita, mtu ambaye hajawahi kuongea na foleni kwa uso wake. Kisha akainuka, akaweka mikono kwenye kizingiti, akawachungulia wote waliokuwa chini ya bati.

"Njoo uonje mwenyewe," akasema.